Anayeirefusha Safu

Katika fani ya kuandika programu hakuna tendo linalofunzwa mapema kuliko kuipitia safu tangu kitu chake cha kwanza hadi cha mwisho, kila kimoja kikatendewa linalopasa, kisha programu ikaendelea na shughuli zake. Mwanafunzi huonyeshwa kitanzi katika juma lake la kwanza, hukiandika kwa mistari mitatu, na aghalabu hakifikirii tena maisha yake yote. Mimi nilikizoea kitanzi kabla sijaigusa kompyuta, kwa kuwa ujana wangu niliutumia katika ukarani wa hisa wa chama kimoja cha akiba na mikopo huku pwani, na kila ulipokwisha mwaka wa hesabu kazi yetu ilikuwa kuzipitia kadi za wanachama moja baada ya nyingine, tukizidisha hisa za kila mtu kwa kiwango cha faida kilichoidhinishwa na mkutano mkuu, na kuliandika jawabu katika daftari kubwa la jalada la kijani. Wanachama wakiongezeka, saa zetu za kazi ziliongezeka. Tulikesha, tukanywa kahawa, tukanung'unika, lakini hapana hata mmoja wetu aliyepata kuwaza kwamba wingi wa majina ungeweza siku moja kuizuia faida isigawiwe kabisa, kwa mtu yeyote, daima.

Jambo hilo, ambalo ofisini kwetu lingekuwa mzaha, nililikuta kuwa kweli tupu nilipoingia, umri umekwisha kwenda, katika uandishi wa mikataba mahiri, yaani programu zinazokaa ndani ya blokucheni. Blokucheni ya Ethereum ilipoanza kazi tarehe 30 Julai 2015, waasisi wake walikuwa wamekwisha kulijibu swali moja gumu: kompyuta moja inayoshirikiwa na ulimwengu mzima, ambayo kila nodi yake sharti iirudie kila hesabu, italindwaje na mtu atakayeandika kitanzi kisichokwisha, ama kwa ujinga ama kwa hila? Jawabu lao lilikuwa gesi. Kila amri ina bei yake. Muamala hulipa gesi 21,000 hata kabla haujatenda lolote. Kuandika tarakimu mpya katika ghala la kudumu la mkataba, mahali palipokuwa na sifuri, hugharimu si chini ya 20,000. Na bloku nzima, yaani kifungu cha miamala kinachotiwa muhuri kwa pamoja, ina ukomo wa gesi usioweza kuvukwa na tajiri wala maskini. Muamala unaoishiwa na gesi njiani haufanyi nusu ya kazi ukaacha nusu. Hubatilika wote, kila kilichoandikwa kikafutika, ila ada iliyokwisha kutumika hairudi.

Katika mazingira ya namna hiyo urefu wa safu si jambo la saa za kazi tena. Kuna kiwango ambacho safu ikikifikia, kitanzi kinachoipitia kitakuwa hakiwezi kukamilika ndani ya bloku moja, na kwa kuwa mkataba ukishawekwa katika blokucheni aghalabu haurekebishiki, mlango uliokuwa ukifunguliwa na kitanzi hicho hufungika, na mali iliyo nyuma yake hubaki ikionekana na kila mtu pasipo kuguswa na yeyote. Fauka ya hayo, bei zenyewe hazitulii. Kulisoma neno moja kutoka ghalani kuligharimu gesi 50 hapo mwanzo. Mwaka 2016 ikawa 200. Desemba 2019 ikapandishwa hadi 800. Na tangu Aprili 2021 usomaji wa kwanza wa kila mahali katika muamala hutozwa 2,100. Mtu aliyeandika kitanzi chake mwaka 2015 akakipima kwa uangalifu wote, akakiachia nafasi ya kutosha ya kukua, aliamka miaka sita baadaye akakuta kipimo chake kimepotea, ingawa hakuna aliyeugusa mkataba wake hata herufi.

Kisa kilichonifunza zaidi katika habari hii si changu, bali ni cha mchezo mmoja wa mwaka 2016 ulioitwa GovernMental, mchezo wa piramidi ambao haukuuficha upiramidi wake. Watu walituma etha, sarafu ya Ethereum, majina yao yakaingizwa katika orodha ya wadai, na iwapo saa kumi na mbili zingepita pasipo mdai mpya kujitokeza, yule wa mwisho ndiye ambaye angeichukua hazina yote. Siku ikafika, saa kumi na mbili zikapita, hazina ilikuwa kiasi cha etha 1,100, na mshindi hakuweza kulipwa, kwa sababu malipo yake yalifungamanishwa na kuzifuta kwanza safu za wadai, na ufutaji huo ulihitaji gesi 5,057,945 ilhali muamala mmoja kwa wakati ule haukuruhusiwa kupita 4,712,388. Wenye kuusoma mkataba ule hawakukiona kitanzi chochote mahali pale. Mwandishi alikuwa ameandika mstari mmoja mfupi wa kuifanya safu kuwa tupu, mwingine wa kuifanya vivyo hivyo safu ya pili, na mtu mwenye haraka angeapa kuwa hayo ni matendo mawili tu. Kumbe kompaila ndiyo iliyokiandika kitanzi kwa niaba yake, kwani ghala la Ethereum halifutwi kwa jumla, hufutwa mahali pamoja pamoja, na kila mahali pana bei yake. Tangu nilipokielewa kisa hiki nimekuwa nikisoma mikataba ya watu kwa shaka ya aina mbili, nikitafuta vitanzi vilivyoandikwa na vitanzi visivyoandikwa, na nakiri kwamba hivi vya pili ndivyo vilivyonipotezea usingizi mwingi.

Solidity, lugha ambayo mikataba hii huandikwa kwayo zaidi, ilikuwa na mitego mingine ya utotoni. Hadi toleo 0.5.0 la Novemba 2018 mtu aliweza kukianzisha kihesabio cha kitanzi kwa neno la jumla lisilotaja ukubwa wa namba, na kompaila, ikiona kinaanzia sifuri, ikakipa nafasi ndogo kabisa, ile isiyoweza kupita 255. Safu ikizidi hapo, kihesabio kilifika 255 kikarudi sifuri, kikapanda tena, kikarudi tena, hadi gesi yote ikateketea. Haya yamekwisha, alhamdulillahi, na wanaojifunza leo hawatayaona.

Sasa niieleze tajriba yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, wakati ukomo wa bloku ulikuwa gesi milioni 30, vijana wa karakana moja ya programu jijini Dar es Salaam waliniletea mkataba niukague. Ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya jamaa waliotawanyika kati ya Maskati, Dubai, Mombasa na Unguja, ambao walikusudia kuchanga fedha zao katika USDC, tokeni inayoshikamanishwa na dola ya Marekani, wanunue jengo la kupangisha, na kila miezi mitatu wagawane kodi kwa kadiri ya hisa. Kazi ilikuwa safi. Majina ya vitu yalisomeka, maelezo yalikuwa ya Kiswahili kitupu, na katikati ya mkataba kilikaa kitanzi kinachotazamika vizuri kabisa: mchukue mwanachama wa kwanza katika safu, zidisha hisa zake, mpelekee fedha, nenda kwa wa pili. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili, maana nilikuwa nikiitazama kazi yangu ya ujanani, kadi kwa kadi, ila sasa bila kahawa.

Nikamwuliza kijana aliyeuandika, mtu wa Chake Chake mwenye adabu nyingi na maneno machache, safu hii inarefushwa na nani. Akaniambia, "Na wanachama wenyewe, Maalim. Kila anayetia dola moja anaingia." Nikamwuliza ni nani basi anayelipia kuipitia. "Yeyote atakayebofya kugawa." Nikamwambia, mwanangu, hawa ni watu wawili tofauti, na wa kwanza hana sababu yoyote ya kumhurumia wa pili. Akatabasamu kwa heshima, akasema, "Lakini Maalim, sisi hatufiki hata sitini."

Hoja hiyo nimeisikia kwa namna nyingi, na haina upungufu wa akili. Ni hoja ya mtu anayewafahamu wenziwe kwa majina na koo zao. Ila mkataba haufahamu watu, unafahamu anwani, na anwani hufunguliwa bure. Tukauweka katika blokucheni ya majaribio, tukatunga wanachama wa uongo, tukawa tunaongeza na kugawa, tunaongeza na kugawa. Kila jina lilikula si chini ya gesi 40,000, nyingi zikiwa za kuhamisha tokeni yenyewe, na safu ilipokaribia majina mia saba mgao ukakataa. Mia saba! Mtu mwenye dola mia saba na roho mbaya, au hata mtoto wa mwanachama aliyeudhika kwa kunyimwa neno mkutanoni, angeweza kuifunga kodi ya jengo zima katika alasiri moja, na asipate faida yoyote zaidi ya kuona wengine hawapati. Hasidi hahitaji zaidi ya hilo. Palikuwa na kasoro nyingine, mbaya kuliko ya kwanza kwa kuwa haikuhitaji wingi wala uadui: kampuni inayotoa USDC inao uwezo wa kuizuia anwani isipokee wala kutuma, na fedha ikipelekwa kwa anwani iliyozuiwa muamala hubatilika wote. Kwa hivyo mwanachama mmoja tu, wa ishirini na tatu katika safu, pengine aliyenunua gari kwa mtu asiyemjua asili yake, angezuiwa, na kuanzia siku hiyo wa kwanza hadi wa sitini wasingelipwa kitu, kila mgao ukifika kwake ukirudi nyuma. Etha nazo zina balaa lake la jamii hiyo, kwani anwani inayopokea yaweza kuwa mkataba, na mkataba una haki ya kukataa; na mchezo ule wa Februari 2016 wa wafalme waliopinduana kwa kulipana, King of the Ether Throne, uliharibika kwa sababu fidia za baadhi ya waliopinduliwa zilitumwa na gesi haba zisizotosha pochi zao kupokea.

Walioishi nchi hizi hawahitaji kufundishwa dawa, maana wameishi nayo. Barua zetu haziletwi mlangoni. Kila mtu ana sanduku lake la posta na ufunguo wake, karani huitumbukiza barua ndani akaendelea na yake, na mwenyewe huja kuichukua akipata nafasi, leo, kesho, au asije kabisa. Na aliyepoteza ufunguo, au aliyehama mji, hamcheleweshi jirani yake hata dakika moja. Mikataba iliyoandikwa na watu wenye hekima hufanya hivyo hivyo. Haimpelekei mtu fedha. Humwandikia haki yake katika jedwali, anwani upande huu na kiasi upande ule, na mwenye haki huja kwa muamala wake mwenyewe, kwa gesi yake mwenyewe, akachukua. Jedwali la namna hiyo, tofauti na safu, halina wa kwanza wala wa mwisho, na halipitiki hata ukitaka. Unaweza kuuliza habari za anwani moja unayoijua, ukajibiwa mara moja, hata wakiwa wamo watu milioni.

Kijana wangu aliyasikiliza haya, kisha akauliza swali lililonionyesha kwamba hatakuwa mwanafunzi wangu kwa muda mrefu. Akasema: "Sawa, wanakuja wenyewe kuchukua. Lakini kodi ikiingia, nani atawaandikia haki zao? Si lazima tuwapitie wote kuwaandikia?" Ndilo swali lenyewe. Kuandika katika jedwali kwa zamu ya kila mtu ni kitanzi kile kile kilichobadili joho, na ukomo wake ni ule ule.

Jawabu lake ni hesabu ya kupendeza, na sioni haya kusema kwamba nilipoielewa mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Mwaka 2018 Bogdan Batog, Lucian Boca na Nick Johnson walichapisha maelezo yake kwa ajili ya Ethereum, na mwaka 2020 ikatumika katika mkataba mashuhuri wa SushiSwap, ambako wengi waliijua. Usiwaandikie watu. Andika tarakimu moja tu, nayo ni jumla ya faida ambayo hisa moja ingekuwa imepata tangu mkataba uanze. Tuseme hisa zote ni 1,000 na inaingia kodi ya dola 5,000. Tarakimu ile inapanda kutoka 0 hadi 5. Baadaye wanaingia wengine, hisa zinakuwa 1,250, na inaingia kodi ya dola 3,750. Tarakimu inapanda kwa 3, inakuwa 8. Mwanachama wa asili mwenye hisa 20 akija kuchukua, haki yake ni 8 mara 20, dola 160. Aliyeingia katikati na hisa 20 aliandikiwa siku ya kuingia kwake kuwa alikuta tarakimu ipo 5. Kwa hivyo haki yake ni 8 kutoa 5, mara 20, dola 60. Akichukua, au akiongeza hisa, au akiuza, hesabu yake hufungwa kwanza hadi hapo na alama yake husogezwa. Kodi inapoingia mkataba hugusa mahali pamoja, wawe wanachama sitini au elfu sitini, na hakuna jina linalosomwa.

Nilimwona kijana akiitazama karatasi, akiipitisha kalamu juu ya tarakimu, akijaribu kuikuta na hila. Hakuikuta. Mimi fikira zangu zilikuwa kwenye daftari la kijani na taa za ofisi yetu. Kwa maana hesabu hii haihitaji blokucheni wala kompyuta, ni kutoa na kuzidisha tu, na bodi yetu ingeweza kubandika tarakimu moja mlangoni kila mwaka, mwanachama akaja na kadi yake tukamlipa pale pale. Hapakuwa na aliyetulazimisha kuitafuta. Kukesha kulikuwa rahisi, na chama kilikuwa hakitulipi ziada.

Iko njia ya pili kwa jambo la namna nyingine, pale ambapo orodha imekwisha kufungwa na kila mtu ana haki inayojulikana. Septemba 2020 Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, iligawa tokeni zake, 400 kwa kila anwani iliyokuwa imewahi kuitumia kabla ya mwezi huo, na anwani hizo zilikuwa kiasi cha robo milioni. Kuziandika zote katika ghala kungetaka gesi zisizopungua bilioni 5, wakati bloku nzima ilikuwa na nafasi ya kiasi cha milioni 12.5, yaani bloku 400 zisizo na muamala wa mtu mwingine yeyote. Hawakuandika hata moja. Orodha yote ilisokotwa nje ya blokucheni kwa mti wa Merkle, uvumbuzi wa Ralph Merkle wa mwaka 1979, ambamo kila majina mawili hutoa alama moja, na kila alama mbili hutoa alama moja ya juu yao, hadi ikabaki alama moja ya baiti 32, na hiyo pekee ndiyo iliyowekwa ndani ya mkataba. Mwenye haki hufika na jina lake pamoja na alama za jirani kiasi cha kumi na nane, mkataba ukapanda nazo hadi kileleni, na zikiafikiana na ile iliyohifadhiwa, akapewa. Orodha ipo, haki za watu zipo, lakini safu haipo popote.

Mtu angedhani kwamba baada ya miaka hiyo yote na maandishi hayo yote hapana tena atakayefungwa na kitanzi. Aprili 2022 mnada wa picha za Akutars ulikusanya mamilioni ya dola, na mkataba wake ulikuwa na kanuni kwamba walionunua kwa bei ya juu warudishiwe ziada, kwa kitanzi cha kuwapitia mmoja mmoja, na kwamba wenye mradi wasichukue chao kabla kitanzi hicho hakijafika mwisho. Kwanza akajitokeza mtu akakizuia kitanzi kwa makusudi, kwa anwani isiyokubali kupokea, ili kuudhihirisha udhaifu, kisha akakifungulia. Ikadhaniwa hatari imepita. Ila kihesabio cha waliorudishiwa kilihesabu watu, na mstari uliokiangalia kama kimefika mwisho ulikilinganisha na idadi ya picha zilizoombwa. Na kwa kuwa wengi waliomba zaidi ya moja, idadi ya watu haikuweza kamwe kuifikia idadi ya picha. Etha 11,539, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 34 hivi, zikafungika. Nilipoisoma habari hiyo sikuweza kuwacheka waandishi wake. Kitanzi kilikwisha salama. Kilichokosewa ni kujua kilikuwa kikihesabu nini, na kosa hilo nimewahi kuliona likifanywa kwa kalamu ya wino na watu waliosomea uhasibu.

Hapa niseme neno juu ya desturi moja ya vijana inayonikera. Ukikaa nao, mazungumzo ya vitanzi huwa ni ya akiba za chembechembe: urefu wa safu usomwe mara moja uwekwe pembeni badala ya kusomwa kila mzunguko, kihesabio kiongezwe kwa alama mbele badala ya nyuma, ukaguzi wa kufurika kwa namba, ulioletwa na toleo 0.8.0 la Desemba 2020, uzimwe ndani ya kitanzi ili kuokoa gesi chache. La kwanza ni jema na linafaa kuzoewa. Hayo mengine yamepunguziwa maana na kompaila yenyewe, kwani tangu toleo 0.8.22 la Oktoba 2023 huuondoa ukaguzi ule wa kihesabio pasipo kuombwa. Nimekagua mikataba ambayo kila kitanzi chake kimenyolewa kwa ustadi wa kinyozi wa harusi, na safu iliyo ndani yake iko wazi kwa ulimwengu mzima kuijaza.

Wala sitaki nidhaniwe kuwa nimekuwa adui wa vitanzi. Mkataba wa jengo ulibaki na kimoja. Wadhamini, ambao idhini zao zilihitajika kabla fedha ya matengenezo haijatoka, walikaa katika safu, na safu ile ilipitiwa kila mara kuhesabu nani amekubali. Ila mlango wa kuingia ndani yake ulikuwa mikononi mwa wadhamini wenyewe, na mstari wa kwanza wa mlango huo ulikataa wa nane. Hapo naridhika. Hata mkataba ule wa SushiSwap, ulioepuka kuwapitia wenye fedha, una kitanzi kinachoyapitia mabwawa yote ya tokeni, yaani mafungu ambamo fedha hizo huwekwa, na waandishi wake waliweka onyo juu yake kuhusu ulaji wa gesi. Tofauti ni kwamba mabwawa huongezwa na msimamizi, si na mpita njia. Kumtoa mdhamini aliyejiuzulu kulitushughulisha kidogo, maana ukifuta kitu katikati ya safu ya Solidity pengo hubaki na urefu haupungui. Tukafanya kama ilivyo ada, aliye mwisho akahamishiwa katika nafasi iliyo wazi na mwisho ukakatwa, na kwa kuwa mpangilio wa wadhamini haukuwa na maana yoyote katika kanuni zao, hakuna aliyelalamika kwamba ameshushwa cheo.

Lililoleta ubishi ni jambo ambalo sikulitazamia. Ethereum haina sehemu za namba, ina namba kamili tu, na kila mgawanyo huacha masazo. Tuliikuza ile tarakimu moja kwa kuizidisha kwa 1 yenye sifuri kumi na nane, kama ilivyozoeleka, hata masazo yakawa chini ya sehemu moja ya milioni ya dola kwa mtu, lakini katika kuwaeleza wanachama mkataba wao, kwa simu, jioni moja ya Ramadhani, niliutaja ukweli huo kwa insafu. Wa Maskati wakasema masazo yatolewe sadaka. Wa Mombasa wakasema sadaka haitolewi katika mali isiyoweza kushikika. Mzee mmoja wa Unguja akataka kujua yatakuwa kiasi gani baada ya miaka mia moja. Nikamfanyia hesabu, nikamwambia hayatanunua kibiriti, akasema kibiriti nacho kina mwenyewe. Walizungumza hadi ikaingia saa ya daku, kisha wakakubaliana masazo ya kila mgao yaingizwe katika mgao unaofuata, na kijana wa Chake Chake akaliandika sharti hilo usiku ule ule, kwa mstari mmoja, pasipo kitanzi.